Gauti: ugonjwa wa wafalme ulivyofika mezani kwetu (Sehemu ya 5)

Mama zangu na dada zangu, wiki hii meseji nyingi zimekuja na swali moja: baba ana gauti, watu wamemwambia aache maharage, je na watoto nao waache? Jibu lipo, ila ili likae vizuri kichwani hebu turudi nyuma kidogo. Huu ugonjwa una historia ndefu jamani.

Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita tabibu wa Ugiriki, Hippocrates, aliona kwamba mwanamke hapati gauti mpaka hedhi yake ikome. Hakujua sababu. Leo tunajua: homoni ya estrojeni inazisaidia figo kutoa asidi ya yuriki, na ikipungua kinga hiyo nayo inapungua. Kwa hiyo bibi akiamka usiku kidole gumba cha mguu kimevimba, kimewaka moto, hata shuka likigusa analia, msikimbilie kusema "ni uzee tu huo".

Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya tone. Waliamini maji mabaya yanadondoka ndani ya kiungo. Kamusi zetu zinasema jongo, ila hospitali utasikia gauti.

Sasa kwa nini ugonjwa wa wafalme? Mchukueni Charles V, aliyetawala Hispania na sehemu kubwa ya Ulaya. Alipenda nyama na bia kupita kiasi. Oktoba 1555 kule Brussels alipokuwa anaachia madaraka, aliingia ukumbini akiegemea bega la kijana. Alikuwa na miaka 55 tu! Mwaka 2006 watafiti walipima kipande cha kidole chake kilichohifadhiwa, wakakuta fuwele za gauti zimekula mfupa.

Uingereza ya karne ya 18 nayo ilijaa gauti. Mkataba wa 1703 na Ureno ulishusha ushuru wa mvinyo wa huko, matajiri wakanywa. Na mvinyo wa siku zile mara nyingi ulikuwa na madini ya risasi, ambayo yanaharibu figo. Ndiyo maana daktari Alfred Garrod wa London alikuja kuona gauti hata kwa mafundi bomba na wapaka rangi, watu wasio na utajiri wowote, walioshika risasi kila siku kazini. Ni huyo huyo Garrod aliyeonyesha mwaka 1848 kwamba damu ya mgonjwa wa gauti ina asidi ya yuriki nyingi. Hapo ndipo hadithi ya "ulafi tu" ilipoanza kubomoka, ingawa watu bado wanawacheka wagonjwa mpaka leo.

Sehemu kubwa ya asidi hiyo mwili unaitengeneza wenyewe, nyingine inatoka kwenye chakula, na figo ndizo zinazoitoa. Figo zikizidiwa, inaganda kama visindano kwenye kiungo. Wengine wamerithi figo zinazotoa kidogo. Mtu wa hivyo hajala mbuzi mzima, na bado anaumwa.

Haya, maharage. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanaume 47,150 waliofuatiliwa miaka 12. Waliokula nyama na vyakula vya baharini kwa wingi walipata gauti zaidi. Waliotumia maziwa walipata kidogo. Maharage, njegere, dengu, spinachi? Hakuna uhusiano uliopatikana. Kwa hiyo pikeni maharage yenu. Waliokunywa bia mbili au zaidi kwa siku hatari yao ilikuwa mara 2.5 ya wasiokunywa. Mwaka 2008 ikaja ya soda: mbili au zaidi kwa siku, hatari juu kwa asilimia 85, kwa sababu sukari yake ikivunjwa kwenye ini inazalisha asidi ya yuriki. Mbona hatusikii mtaani mtu akiambiwa "acha soda"?

Mgonjwa mwenyewe apunguze maini, figo, utumbo na dagaa. Dagaa za mtoto msiziguse, mtoto anazihitaji.

Kwa miaka mingi madaktari waliandika kwamba gauti ni nadra kwa Mwafrika, kana kwamba tuna damu ya peke yake. Kilichokuwa nadra ni bia ya kila jioni, soda mezani na kazi ya kukaa. Tulipohamia mjini, nayo ikaja.

Dawa ya kushusha asidi, alopurinoli, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1966. Ilitoka kwenye maabara ya George Hitchings na Gertrude Elion, mama aliyekataliwa kazi za maabara ujanani kwa sababu ni mwanamke. Mwaka 1988 wote wawili walipata Nobeli.

Kinachonisumbua mimi ni diklofenaki ya dukani, miezi na miezi, bila kipimo hata kimoja. Maumivu yanatulia, baba anarudi kazini, asidi iko pale pale na figo zinaendelea kuumia. Kama mzee wenu ni wa hivyo, mpelekeni apime asidi ya yuriki, figo na presha. Na mkiambiwa asidi iko kawaida wakati kidole bado kimevimba, rudini baada ya wiki mbili mpime tena, maana wakati wa shambulio kipimo kinaweza kushuka.