Historia ya Kahawa ya Vihamba vya Kilimanjaro

Kahawa ya arabika ilifikishwa Kilimanjaro na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao walikuwa na misheni Bagamoyo tangu mwaka 1868 na ambao, kabla karne ya 19 haijaisha, walikuwa na mibuni katika misheni yao ya Kilema. Chini ya utawala wa Waingereza, Charles Dundas, mkuu wa wilaya ya Moshi, aliwahimiza Wachagga kuipanda, ingawa walowezi walipinga kwa madai kwamba mashamba ya wenyeji yangeeneza wadudu na magonjwa. Wakulima walijibu kwa kuunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, chini ya urais wa Joseph Merinyo, na mwaka 1933 chama hicho kikafuatiwa na muungano wa ushirika wa KNCU.

Hata hivyo, ladha ya kahawa hii haikutoka katika ofisi za ushirika bali katika kihamba, yaani ardhi ya ukoo inayorithishwa, ambamo mibuni hukua chini ya migomba na miti mirefu, juu ya udongo wa volkeno, ikinyweshwa na mifongo, ambayo ni mifereji iliyochimbwa na koo kuteremsha maji ya mlimani. Baridi ya miinuko hiyo huchelewesha kuiva kwa tunda, na punje hupata muda wa kujaza sukari na kukaza. Ndiyo maana kikombe chake huwa na uchachu mchangamfu unaokaribia ule wa matunda ya jamii ya chungwa, na utamu unaobaki mdomoni baada ya kumeza.

Kazi ya nyumbani nayo ina sehemu kubwa kuliko inavyosifiwa. Matunda mekundu huchumwa moja moja na kumenywa siku hiyohiyo kwa mashine ya mkono, kisha buni zenye utelezi huachwa zichachuke hadi mkulima anapozifikicha kwa vidole na kuzihisi zikikwaruzana. Hapo huoshwa, zinazoelea huondolewa, na zilizobaki huanikwa juu ya meza za wavu. Zikicheleweshwa katika uchachushaji, harufu ya kuoza huingia, na hakuna ukaangaji unaoweza kuitoa.

Kwa miongo mingi umakini huo haukulipwa ipasavyo, kwa kuwa kahawa ya aliyeosha vizuri ilichanganywa na ya aliyezembea, na mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vya ushirika, mkulima alikosa hata chama alichokizoea. Ushirika ulirejeshwa katika miaka ya 1980, lakini chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda yangali mabichi, pamoja na bei duni, viliwafanya wengi wang'oe mibuni na kupanda mazao mengine. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye makao yake Lyamungo, imekuwa ikisambaza miche inayostahimili ugonjwa huo.

Haki ya mkulima hodari huonekana pale mafungu madogo yanapotengwa. Kikundi cha majirani kinachotumia mtambo mmoja wa kumenya na kuosha huweza kuuza kahawa ya kijiji chake peke yake, na mwonjaji wa Moshi akaipa alama zake bila kuichanganya na ya bonde la pili. Tofauti ya alama hizo huchangia kuamua bei.