Njia za Karura

Msitu wa Karura, Nairobi, ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kufikia miaka ya 1990, wakazi wengi wa jiji waliogopa kuuingia kwa sababu ya majambazi. Msitu usiokanyagwa hauna shahidi: vipande vyake viligawiwa wajenzi binafsi kimyakimya. Tarehe 8 Januari 1999, Wangari Maathai alikwenda na wenzake kupanda mti. Walishambuliwa langoni, naye akapasuliwa kichwa. Ripoti ya polisi aliitia saini kwa damu yake.

Sheria ya Misitu ya 2005 iliwapa wananchi nafasi ya kusimamia misitu pamoja na serikali. Mwaka 2009 kikaanzishwa chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura. Uzio ukajengwa, njia zikapangwa: hizi za waendao kwa miguu, zile za baiskeli, nyingine hadi kwenye mapango ya Mau Mau.

Kupanga njia, basi, si kazi ya ramani tu. Kiingilio humwacha nje asiye na kitu, na hilo lastahili kujadiliwa. Ila kila apitaye ni shahidi: shoka likilia pasipo haki, kuna wa kulisikia.