Mikwaruzo ya Sauti: Kutoka Nta Hadi Kompyuta

Kabla ya reli, nchi ilipo Bukene ya mkoa wa Tabora leo ilikuwa sehemu ya Unyamwezi, iliyotoa wapagazi wa kupeleka pembe za ndovu Bagamoyo. Nyimbo zao hazikuhitaji fundi: aliyesahau ubeti alitunga mwingine, msafara ukaendelea. Mwaka 1906 mtafiti Karl Weule alizunguka kusini mwa koloni la Wajerumani na wapagazi Wanyamwezi na fonografu, mashine iliyorekodi sauti kwenye nta. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel akachapisha utafiti wa nyimbo za Wanyamwezi. Nta ililika kila iliposikilizwa, hivyo hifadhi ya sauti ya Berlin ilitengeneza kalibu za shaba, na nta yenyewe ikaharibika katika kazi hiyo. Mkwaruzo uliokuwa kwenye nta ukahamia kwenye shaba.

Mwaka 1928 reli inayopita Bukene ilifika Mwanza. Mwaka huohuo mwimbaji Siti binti Saad alirekodi santuri Bombay. Vumbi na sindano za chuma ziliziwekea santuri hizo mlio wa kukaanga tunaoujua wote, na kuziosha kuliondoa vumbi tu.

Kanda ya sumaku ilileta wembe wa kukata mikwaruzo. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi Tanganyika mwaka 1950. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na kufikia mwaka 1965 kituo kilikuwa Radio Tanzania, iliyozoesha nchi nzima kusikiliza bendi kama Tabora Jazz. Kwenye kanda inayokwenda sentimita 38 kwa sekunde, mlio wa sehemu ya elfu moja ya sekunde una urefu usiofika nusu milimita, na fundi hodari aliukata. Unyevu, hata hivyo, haukatiki kwa wembe: gundi ya baadhi ya kanda hunata, na hubidi zipashwe moto wa nyuzi 50 hivi kabla ya kuchezwa.

Miaka ya 1970 mhandisi Thomas Stockham alisafisha kwa kompyuta sauti ya mwimbaji Caruso, na katika miaka ya 1980 wahandisi wa Cambridge waliendeleza mbinu za kufuta mikwaruzo. Santuri ndogo ya dijitali, iliyotoka mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde. Programu hutafuta kipimo kisichofanana na majirani zake, hukifuta, kisha hukadiria kilichopaswa kuwapo. Kwa mkwaruzo wa vipimo vichache, sikio halishtuki.

Lakini kompyuta haijui ngoma. Njuga za mguuni hulia kwa ghafla kama mkwaruzo, na Wagogo, wakazi wa njia ileile ya misafara, hubandika utando wa buibui kwenye tundu za ala yao ya ilimba kusudi ikorome. Programu iliyokazwa mno huvichukua vyote kuwa uchafu. Kwa sababu hiyo hifadhi za leo huweka kwanza nakala isiyoguswa, na matengenezo hufanywa kwenye nakala nyingine. Mhariri makini husikiliza pia kile kilichofutwa. Akikuta njuga humo, hulegeza programu na kuanza upya.