Sanduku Lenye Kufuli Nne

Kila Jumapili usharika husomewa matoleo ya Jumapili iliyotangulia, hata bei ya ndizi na mayai yaliyonadiwa baada ya ibada. Wanaoona jambo hilo ni kupoteza wakati na waukumbuke mji wa Leisnig, huko Saksonia, Ujerumani. Mwaka 1523 waumini wa huko walikubaliana kuweka mapato yote ya kanisa katika sanduku moja, ili wachungaji walipwe, shule iendeshwe na maskini wasaidiwe. Martin Luther akauandikia utaratibu huo dibaji. Sanduku liliwekewa kufuli nne mbalimbali: ufunguo mmoja ulikuwa wa makabaila, wa pili wa halmashauri ya mji, wa tatu wa wenyeji wa mjini, na wa nne wa wakulima wa vijijini. Mkulima kuwa na ufunguo sawa na kabaila, katika karne ile, halikuwa jambo dogo! Wasimamizi kumi waliagizwa kukutana kila Jumapili, kuandika vitabuni yaliyoingia na yaliyotoka, na kutoa hesabu mbele ya kusanyiko. Hata hivyo halmashauri ilikataa kukabidhi mali iliyokuwa mikononi mwake, ingawa Luther mwenyewe aliingilia kati, na sanduku likakosa mapato yaliyotarajiwa.