Mizani, Ungo na Spektrometa ya Tungamo

Tarehe 24 Aprili 1971 setilaiti ya Italia, San Marco 3, ilirushwa kutoka jukwaa lililojengwa baharini karibu na Malindi. Ndani yake mlikuwamo spektrometa ya tungamo, ya kuchunguza gesi za angahewa ya juu katika ikweta. San Marco 4 ilifuata Februari 1974. Chombo hicho, basi, si kigeni pwani yetu.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini tusikiite mizani ya gesi. Mizani twaijua, hapa Kagongwa mchele hauuzwi bila kupimwa. Lakini gunia hilo likipelekwa Mwezini, uzito wake ungepungua hadi sehemu moja kwa sita, ilhali tungamo lingebaki lile lile. Tena chombo hiki hakining'inizi kitu: molekuli hutiwa chaji ya umeme, kisha, katika aina moja mashuhuri, sumaku huzipinda njiani, na zilizo nyepesi hupinda zaidi. Huko ni kupepeta: makapi huenda mbali, punje huanguka karibu. Kwa maoni yetu ungo unaeleza vema kuliko mizani.

Desemba 1978 chombo cha Pioneer Venus kilishuka katika angahewa ya Zuhura. Spektrometa yake ilionyesha kuwa hidrojeni nzito, ikilinganishwa na ile ya kawaida, ni takriban mara 100 ya kiwango cha Duniani, dalili kwamba Zuhura ilipoteza maji mengi. Zote mbili ni hidrojeni. Zinatofautiana kwa tungamo. Kuhusu “spektrometa” hatuna ugomvi. Tunalolitetea ni “tungamo”.