Pikipiki au bajaji ikiibwa: jinsi ya kujikinga na jinsi ya kudai bima

Msikilizaji, kila minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba, pesa huingia Masasi na Newala, na vijiwe hujaa pikipiki mpya. Mwezi huohuo simu za wizi huongezeka kwenye kipindi chetu.

Kijana mmoja kutoka Newala alitupigia akiwa na kilio. Alilaza bajaji nje ya nyumba, asubuhi hakuikuta. Hakuhangaika sana mwanzoni, kwa sababu kioo kilikuwa na stika ya bima ambayo haijaisha muda. Alipofika kwa wakala aliambiwa: "Bima yako ni ndogo, hailipi wizi." Bajaji haikuwa yake, ilikuwa ya mkataba, na tajiri aliendelea kudai hesabu.

Makala hii tumeiandika ili jambo hilo lisikukute wewe.

Fahamu bima uliyonayo

Sheria inamtaka kila mwenye chombo cha moto barabarani awe na bima ya kuwalinda watu wengine. Hiyo ndiyo tunayoiita bima ndogo. Ukimgonga mtu au ukaharibu mali ya mwenzako, bima inamlipa yeye. Pikipiki yako ikiibwa, hulipwi kitu.

Ngazi ya pili ni bima ya watu wengine pamoja na moto na wizi. Ngazi ya tatu ni bima kubwa, ambayo inalipa hata chombo chako kikiharibika kwa ajali. Ada zake ni kubwa zaidi, lakini kwa mtu ambaye pikipiki ndiyo shamba lake, ni vizuri kuuliza bei kwa makampuni mawili au matatu kabla ya kukata tamaa.

Unapokata bima, uliza mambo haya manne:

1. Je, imeandikwa matumizi ya biashara? Ukibeba abiria kwa bima ya matumizi binafsi, kampuni inaweza kukataa dai.
2. Jina kwenye bima ni la nani? Pikipiki nyingi zimenunuliwa mkononi na kadi bado ina jina la mwenye zamani. Nenda TRA mkabadilishe umiliki mapema.
3. Nitajichangia kiasi gani? Mikataba mingi humtaka mwenye chombo abebe sehemu ya hasara.
4. Nikimkabidhi mtu ufunguo akatoweka, mtalipa? Makampuni mengi hayahesabu hilo kuwa wizi, kwa sababu ulimpa kwa hiari yako. Wenye pikipiki za mkataba, hapa ndipo wengi wanapoumia.

Hakikisha pia stika ni ya kweli. Siku hizi bima za magari na pikipiki husajiliwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Kwa simu yenye intaneti unaweza kuingia kwenye mfumo huo, ukaandika namba ya chombo, ukaona kama bima ipo na inaisha lini. Usipoiona, mrudie wakala siku hiyohiyo.

Kinga ya pikipiki

Mwizi anapenda kazi ya haraka. Kila kinachomchelewesha kinakusaidia.

- Funga usukani, kisha weka kufuli la diski au mnyororo. Mnyororo upite kwenye tairi na kwenye nguzo au mti. Ukifunga tairi peke yake, watu wawili wanaweza kuibeba pikipiki nzima.
- Usiache ufunguo kwenye swichi hata kama unaingia dukani kununua vocha. Kampuni ya bima inaweza kuuhesabu huo kuwa uzembe.
- Usiku ilaze ndani. Kama nyumba ni ndogo, jirani mwenye ua akusaidie.
- Abiria wa usiku wa safari ndefu, hasa wawili wasiojulikana kijiweni, mwambie mwenzako unakwenda wapi na nani. Ukiwa na wasiwasi, kataa. Nauli nyingine itakuja, roho haiji mara mbili.
- Wakikuvamia, waachie pikipiki.

Bajaji na turubai lake

Bajaji ina shida yake. Haina mlango wa kufunga, na pembeni ni turubai tu. Wembe mmoja unatosha kuingia.

Wenye magari ya paa la turubai huko Ulaya na Marekani wana shida hiyohiyo, na wengi wamejifunza somo moja: usiache chochote ndani. Mara nyingi turubai jipya ni ghali kuliko kitu kilichoibwa. Kwa hiyo usiku toa redio kama inatoka, toa simu, jaketi na begi, kisha uache mapazia wazi ili mwizi aone hakuna kitu. Betri ifungwe kwa chuma na kufuli. Na jua kwamba bima ya wizi wa chombo si lazima ilipe vitu vilivyokuwa ndani yake.

Ikishaibwa: saa za kwanza

Huku kwetu mwendo ni muhimu. Kutoka Masasi barabara inakwenda Tunduru, nyingine Mtwara, na mpaka wa Msumbiji hauko mbali. Usipoteze asubuhi nzima ukitafuta mwenyewe.

1. Piga 112 au nenda kituo cha polisi kilicho karibu. Mjulishe pia polisi kata na mtendaji wa kijiji.
2. Toa namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, rangi na alama yoyote ya pekee. Piga picha kadi ya pikipiki leo, uitunze kwenye simu na kwa ndugu yako.
3. Omba namba ya RB uiandike. Bila hiyo dai la bima halisogei.
4. Tangaza kwenye vijiwe vingine. Madereva wenzako wanafika mbali kuliko wewe.
5. Ijulishe kampuni ya bima siku hiyohiyo, kwa simu na kwa maandishi. Mikataba huweka muda wa kutoa taarifa, na ukichelewa unaweza kukosa haki yako.

Kuandaa dai

Kwa kawaida utatakiwa kuwa na fomu ya dai, hati ya bima, kadi ya pikipiki, leseni ya dereva, kitambulisho, funguo zote na taarifa ya polisi. Tunza nakala ya kila karatasi. Eleza ukweli uleule polisi na kwenye bima. Maelezo yakipishana, dai linaweza kukwama.

Usitegemee kulipwa bei uliyonunulia. Kampuni huangalia thamani ya chombo siku kilipoibwa. Na kama pikipiki ni ya mkopo, aliyekukopesha ndiye hulipwa kwanza deni lake, kinachobaki ndicho chako.

Dai likicheleweshwa au likikataliwa

Omba sababu kwa maandishi. Usiporidhika, lipeleke lalamiko lako TIRA, ambao wana ofisi ya Kanda ya Kusini mjini Mtwara. Ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, kwa ajili ya watu waliokwama na kampuni zao kabla ya kufika mahakamani.

Mwisho, msikilizaji, ukiuziwa pikipiki kwa bei ya kutupa na haina kadi, iache. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na huenda pikipiki hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha mwenzako wa kijiji cha pili.

Leo jioni, kabla hujalala, fanya mambo mawili: soma bima yako ni ya aina gani, na piga picha kadi yako.