Maji ya moto ya kuoga na kuungua

Maji ya moto huunguza ngozi kwa kadiri ya joto lake na muda yanaoigusa. Mtu mzima huhitaji dakika kadhaa ndani ya maji ya nyuzi 49 za Selsiasi ndipo aungue vibaya. Yakiwa ya nyuzi 60, sekunde 5 hivi zinatosha. Yakikaribia 70, ni sekunde moja. Mtoto mdogo, ambaye ngozi yake ni nyembamba, huungua mapema zaidi. Mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi miguuni naye huchelewa kuhisi.

Hita ya tanki, kama zile za hotelini na za baadhi ya nyumba za mijini, hutegeshwa kwenye nyuzi 60 ili kuua bakteria wa Legionella, waletao homa ya mapafu, ambao hustawi kwenye maji ya vuguvugu. Maji hayo hayapaswi kufika bombani na joto hilo. Vali ya kuchanganyia huyashusha chini ya 50.

Katika Kigwa, kata ya Wilaya ya Uyui mashariki mwa mji wa Tabora, hali ni tofauti. Huko, kama vijijini kwingi, maji ya kuoga huchemshwa kwa sufuria juu ya mafiga au jiko la mkaa, hasa asubuhi za Juni na Julai baridi inapouma. Hakuna kitufe cha kupunguza joto. Kila kitu kiko mikononi mwa anayechanganya. Nyanda za Tabora ziko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 96, lakini nafuu hiyo haimwokoi mtu. Lita 4 za maji yaliyochemka, zikimiminwa katika lita 16 za maji ya nyuzi 22, huifikisha ndoo nyuzi 37, joto linalomfaa mtoto. Maji baridi hutangulia, ya moto hufuata, kisha hukorogwa mpaka chini. Hupimwa kwa kiwiko, maana kiganja kilichozoea sufuria hudanganya. Anayetumia hita ya koili ndani ya ndoo aichomoe kwanza kwenye umeme kabla ya kutia mkono.

Kumkanda mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua, kunahitaji uangalifu wa pekee. Bibi huchovya kitambaa kwenye maji yanayofuka mvuke, hukikamua na kukibandika tumboni, tena na tena. Vidole vyake ni sugu, bali ngozi ya mzazi siyo, na aliyepasuliwa anaweza kuwa na ganzi kuzunguka kidonda. Kitambaa kijaribiwe kwanza ndani ya mkono wa mzazi mwenyewe, na akisema kinachoma aaminiwe.

Aliyeungua avuliwe nguo zilizolowa na pete, isipokuwa nguo iliyogandamana na ngozi, kisha sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala yai. Hata asali, fahari ya Tabora, isipakwe nyumbani. Malengelenge yasitumbuliwe, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Mtoto mchanga, na yeyote aliyeungua usoni, mikononi, sehemu za siri au eneo lililozidi kiganja chake, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Wenye majeraha makubwa hupewa rufaa hadi Hospitali ya Kitete mjini Tabora.